Aliyekaa Katikati ya Laini

Mama alimshukuru Kasiva kwa simu ya Jumanne, na Jumanne Kasiva hakuwa amempigia mtu yeyote.

Jambo lilianza hivyo tu, kwa shukrani. Kasiva alikuwa ofisini Mlolongo, ghorofa ya tatu, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi la machimbo, macho yakimuwasha kwa wiki ya tatu ya kulala kwa saa nne tu kila usiku. Neno lile alilisikia likipita akaliacha lipite. Uchovu ni mwizi jamani, hukuibia masikio wakati unayahitaji.

"Ilikuwa Jumatatu, mama," alisema.

"Sawa, mwana wakwa. Labda ni mimi nimezeeka," alijibu mama, akimwita mwanangu kwa Kikamba kama kawaida.

Munyiva, mama yake, aliishi peke yake upande wa Masii, bondeni, mahali ambapo simu ya kawaida haishiki mpaka mtu apande kilimani. Alikuwa na kisukari cha kudunga sindano kila siku. Kwa ajili yake Kasiva alikuwa amenunua kisahani cha intaneti akakifunga juu ya bati. Na kwa ajili yake, tuseme ukweli, aliipenda kazi yake ya kutengeneza apu ya simu ambayo kwayo wagonjwa wa sukari wangeongea na muuguzi na jamaa zao, wakaambiwa wadunge dawa kiasi gani. Apu ilikuwa bado ya majaribio, na mgonjwa wake wa kwanza alikuwa Munyiva.

Sasa, mashine mbili zikitaka kuongea kwa siri, moja huionyesha nyingine cheti, kama vile mtu anavyoonyesha kitambulisho. Vyeti vya kawaida hutolewa na wakubwa wanaotambulika dunia nzima. Levi, mwenzake wa ofisini aliyetunza seva yao kule Athi River, ile mashine inayopokea simu zote za apu, hakungoja wakubwa. Alijiandikia cheti, akajitilia sahihi mwenyewe. Si kosa, mradi apu iambiwe wazi: kubali cheti hiki chenye alama hizi, kingine chochote kikatae. Lakini apu haikuwa imeambiwa, ikawa inakifukuza cheti cha Levi kama mgeni asiyejulikana kwao. Basi siku moja mchana, njaa inauma na bosi anataka kuona kazi, Kasiva aliandika mistari mitatu ya kuiamuru apu impokee yeyote atakayebisha. Alijiambia ataifuta Ijumaa. Zilipita Ijumaa sita.

Na huyu ni mtoto wa Munyiva, mama ambaye hafungui lango kabla hajauliza, "Ni nani, na wewe ni wa ukoo gani?" Hata katekista alishawahi kusimama juani akitaja ukoo. Kasiva alipokuwa mdogo aliuliza kwa nini, akajibiwa kwa sauti ya chini, "Kuna wanaobisha ambao hawana kwao. Hao ukiwaambia karibu, hawaondoki kwa kuambiwa kwaheri."

Wiki ile harufu ilianza. Kila Kasiva alipompigia mama yake kwa ile apu, ofisi ilinuka udongo ulionyeshewa, na Mlolongo tone la mvua halikuwa limeanguka kwa miezi miwili. Halafu kila neno la mama lilichelewa kidogo kufika, na ndani ya ule uchelewaji kulikuwa na kasauti, kama ka mtu anayemeza mate. Kasiva alilaumu kisahani.

"Leo umedunga uniti ngapi za dawa, mama?" aliuliza Jumatano ya wiki iliyofuata, alasiri.

"Si uliniambia niipumzishe sindano?"

"Nani alikuambia?"

"Wewe, Kasiva. Jana na juzi. Nilikuuliza hata ukoo, kwa vile sauti ilikuwa nzuri kuliko yako, ukasema Amutei, mtoto wa Munyiva."

Kasiva alimwambia adunge sasa hivi, akarudia mara tatu, akakata, kisha akakaa akiitazama simu huku harufu ya udongo ikipanda kutoka chini ya meza, ikimzunguka miguu, ikimwingia kooni, na akawa anajiuliza ni maneno mangapi ya mama yake yaliyomfikia mwezi ule yakiwa ya mama yake kweli, na mangapi yake mwenyewe yaliyochukuliwa njiani yakapelekwa mengine badala yake, kwa sauti yake, kwa jina la ukoo wake.

"Levi," alinong'ona. "Kuna mtu katikati ya laini."

Levi alisogea, akanusa, uso ukabadilika. "Uliacha apu inapokea yeyote?"

"Niliacha."

"Funga leo hii. Chukua alama za cheti changu uzipigilie ndani ya apu. Acha nishuke Athi River nizisome kwenye seva yenyewe, nikutumie jioni."

Lakini Kasiva hakuweza kungoja jioni, na ni nani angeweza? Njia ya mkato aliijua, kila fundi aliyechoka anaijua. Aliifungua laini, akaiamuru imwonyeshe cheti, nayo ikamwonyesha bila kusita. Alinakili alama zote sitini na nne, akazipigilia ndani ya apu, akaituma kwenye simu yake na ya mama. Kisha akamwandikia Levi kwamba imekwisha, asijisumbue.

Harufu ilikatika papo hapo. Alimpigia mama, na sauti ikaja safi, bila kuchelewa.

"Nimedunga, mwana wakwa. Kumi na mbili, kama kawaida."

"Mama, sisi ni wa ukoo gani?"

"Amutei. Kwani leo unanipima?"

Kasiva alilia pale kwenye kiti, kwa furaha na kwa kuchoka. Jumamosi alikuwa amepanga kwenda Masii kumwona. Hakwenda, alilala saa kumi na nne. Kila siku mama alimwambia amedunga na amekula vizuri. Hata miguu aliyoilalamikia miaka saba hakuitaja tena, na Kasiva alimshukuru Mungu kwa hilo.

Jumatatu asubuhi Levi aliingia na karatasi mkononi. Hakusalimia.

"Alama ulizopigilia, ulizitoa wapi?"

"Kwenye laini."

Levi alikaa polepole. "Kasiva, aliyesimama mlangoni ukimwomba kitambulisho, atakupa cha nani?" Aliiweka karatasi mezani, alama alizozisoma kwenye seva yenyewe. Hazikulingana na zile za Kasiva. "Seva yetu haijapokea simu ya mama yako tangu Jumatano. Apu inaifukuza. Umeifundisha kumwamini mmoja tu, na si sisi. Jana usiku niliizima seva kabisa."

"Jana usiku niliongea na mama."

Levi aliisukuma simu yenye apu mbali kidogo juu ya meza.

Simu nyingine ya Kasiva, ya laini ya kawaida, ililia. Alikuwa Syombua, jirani wa mama yake, anahema kwa kupanda kilima.

"Kasiva, tumempata mama sakafuni. Anapumua kidogo tu. Hajadunga sindano tangu wiki iliyopita, anasema kwa shida kwamba wewe ndiye unayemkataza, kila jioni. Anasema alikuuliza ukoo na ukajibu vizuri. Mwanangu, kwa nini?"

Kasiva alifungua mdomo amwambie amkimbize hospitali, na kabla hajatoa sauti ofisi nzima ilijaa harufu ya udongo uliolowa, nzito, ya shimo lililochimbwa asubuhi hiyo, na ile apu, ambayo nyuma yake hakukuwa na seva yoyote iliyowaka, ikajifungua yenyewe juu ya meza.

"Mwana wakwa," ilisema sauti ya mama yake, tamu, bila haraka. "Huyo unayeongea naye ni wa ukoo gani?"