Wimbo Usiovuta Pumzi

Wimbo ule hakuujua.

Mshonaji alikuwa ameweka cherehani yake dirishani, simu akaiegemeza kwenye kopo la vifungo. Tangu mumewe afariki, kila asubuhi alisoma dua, akafungua programu ya muziki, akaingiza namba ya siri na kumsikiliza. Marehemu alikuwa mwimbaji wa harusini. Watu walimwita Kinanda. Nyimbo zake zote alizirekodi mwenyewe akazihifadhi mtandaoni, huko wanakokuita kwenye wingu, maana simu zilikuwa hazikai mkononi mwake.

"Hata simu ikitumbukia chooni," alizoea kumwambia mkewe, "mimi nipo. Wewe fungua tu."

Kifua kilimsumbua tangu utotoni, na ndicho kilichomuua. Kabla ya kila ubeti alisikika akivuta pumzi kwa shida, kama mtu anayejitwisha gunia. Na kila ubeti ulipokwisha aliacha nafasi, mkewe aitikie kutoka kwenye cherehani. Ndivyo walivyofanya kazi miaka yote.

Wimbo huo mgeni ulikuwa wa mwisho kabisa, hauna jina. Chini yake paliandikwa: umeongezwa leo.

Aliugusa. Sauti ilikuwa ya mumewe. Ubeti ukaisha, nafasi ikaachwa, naye, mguu kwenye kanyagio na macho kwenye pindo, akaitikia kwa mazoea.

Hapo ndipo aliposikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Aligeuka haraka. Pasi ilikuwa imepoa, waya wake umeviringishwa kama alivyouacha jana.

Alivuka barabara kwa fundi simu.

"Kuna mtu mwingine anaingia kwenye akaunti hii?"

Fundi alibonyeza hapa na pale. "Hakuna, dada. Ni simu hii moja tu."

"Sasa nani kaweka wimbo leo?"

"Labda huko aliko Kinanda mtandao unashika kuliko huku kwetu," fundi akasema, akaangua kicheko. Alipouona uso wa mama wa watu, akakikatiza. "Nisamehe, dada. Utani tu."

Alasiri ile mama mkwe, mamake marehemu, alikuwa amekaa mkekani akishona vifungo. Mshonaji akaufungua wimbo tena, akidhani anamfariji.

"Zima," mama mkwe akanong'ona.

"Mama, ni mwanao huyu."

"Mwanangu nilimlea na kifua kile. Usiku nilikuwa silali, namsikiliza kama bado anavuta pumzi. Huyo havuti, mwanangu. Sikiliza."

Wakasikiliza. Ubeti ulifuata ubeti bila pumzi hata moja katikati, laini, kama uzi unaotoka kwenye rili, usioujua mwisho wake, na nyuma ya sauti ile kulikuwa na cherehani inayozunguka, cherehani hii hii yenye kanyagio linalolia, na nyuma ya cherehani kulikuwa na kicheko cha fundi simu kilichokatizwa katikati kama kilivyokatizwa asubuhi, na nyuma ya kicheko, kwa chini sana, kulikuwa na bikizee anayenong'ona "zima", na harufu ya kuungua ikapanda mpaka machozi yakawatoka, wala hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono kuigusa simu.

Shehe wa mtaani aliitwa. Alisoma muda mrefu, simu ikiwa mbele yake juu ya mkeka, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ulimwitikia?"

"Niliitikia, shehe. Kwa mazoea. Nilidhani ni yeye."

"Si yeye. Ni jini. Alikuwa akipapasa tu nje, wewe ukamjibu." Akajifuta jasho. "Futa nyimbo. Zote."

"Hata zile za kweli?"

"Hebu fungua moja unayoijua."

Akafungua wimbo aliourekodi mumewe kabla hawajaoana, ule alioanza kwa kukohoa. Kikohozi hakikuwepo. Pumzi haikuwepo. Akafungua mwingine, na mwingine. Katika wimbo mmoja tu, ule mfupi kuliko zote, bado ilisikika pumzi moja, dhaifu, ya mtu anayejitwisha gunia.

"Shehe, huu hajaugusa. Niachie huu."

"Kesho atakuwa amefika hapo, mwanangu."

Programu ikamuuliza kama ana uhakika, kwa kuwa nyimbo hazitarudi. Mshonaji alisema bismillahi, akabonyeza, akalia kama siku ya mazishi. Shehe akasoma tena, akapuliza pembe zote za chumba. Harufu ikatoweka. Simu ikabaki kimya.

Asubuhi alisoma dua yake, akakaa kwenye cherehani. Hakukuwa na cha kufungua. Mama mkwe alikuwa mkekani, amemgeuzia mgongo, anatunga uzi kwenye sindano bila miwani.

"Mama, leo umeamka vizuri?"

Bikizee alianza kuimba. Sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya mwanawe, nzuri, iliyonyooka, na mabega yake hayakuinuka hata mara moja kuvuta hewa. Ubeti ukaisha. Akageuka taratibu, akamtazama mkwewe, akanyamaza mahali pale pale pa kuitikia. Akangoja.

Mshonaji aliutafuta mlango kwa macho. Aliikumbuka dua, ikamfika mpaka ulimini. Lakini sauti ya mumewe haikuwa imebaki popote pengine duniani.

Akaitikia.