Debe la Tatu

Kila Jumamosi Oktavia aliamshwa na sauti ya baba yake, Methusela, akigonga magurudumu ya lori kwa nyundo ya mti. Gurudumu lenye upepo wa kutosha lilitoa mlio mkali, na lililopungua lilitoa mlio mzito wa kivivu. Methusela hakuwa mtu wa kukisia. Aligonga yote sita, akakung'uta vumbi kwenye chujio la hewa, akachungulia chini ya tangi aone kama kuna tone, ndipo akaingiza chuma cha kuwashia injini na kukizungusha kwa nguvu zake zote. Baridi ya Njombe haina huruma kwa injini. Iliponguruma, alisubiri kidogo tu, kisha akairudisha ndani choki, kishikizo kinachoiongezea injini petroli ikiwa bado baridi.

"Wengine huisahau ikiwa nje mpaka Makambako," alimwambia binti yake, "na injini inakunywa kama mlevi wa ulanzi."

Oktavia alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliamini kwamba Tanganyika nzima haikuwa na dereva kama baba yake. Methusela alikanyaga mafuta taratibu kama mtu anayetembea juu ya mayai. Mlima aliuona ukiwa bado mbali, akabadilisha gia kabla lori halijaanza kulalamika. Oktavia alifuatana naye kila Jumamosi kumwona bibi yake huko Makambako, lakini kusema kweli alikwenda zaidi kumtazama baba akiendesha.

Ulikuwa mwaka 1943. Vita vya Wazungu vilikuwa havijaisha, na petroli ilitolewa kwa cheti. Lori hilo lilikuwa mali ya chama cha wakulima wa pareto. Lilipeleka magunia ya maua makavu kwenye ghala la Makambako na kurudi na chumvi. Dereva wa kwanza, Ezekia, mgeni aliyetoka mbali, alikuwa akitumia madebe mawili ya petroli kwenda na kurudi. Methusela, pamoja na uangalifu wake wote, hakufika nyumbani bila kufungua debe la tatu. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Ijumaa moja jioni Kornelio, karani wa chama, alifika uani kwao. Alikataa kiti.

"Bwana Methusela, gari ni lile lile, barabara ni ile ile, mzigo ni ule ule," alisema. "Fundi Nahumu amekagua mara mbili, hakuna kinachovuja. Sisemi unauza petroli. Watu ndio wanaosema."

"Watu gani?"

"Watu tu." Kornelio alitazama viatu vyake. "Nakupa Jumamosi mbili, ya kesho na ile ijayo. Hiyo ya pili ukifungua debe la tatu, uniachie lori. Petroli ya chama haitoshi mwezi."

Usiku huo Methusela hakugusa ugali wake. Oktavia alilia chini ya blanketi, maana shuleni nako Jeni, aliyekaa naye dawati moja, alikuwa amekwisha kumwuliza kama ni kweli baba yake ni mwizi wa petroli. Kunyang'anywa lori kungeuma, lakini kunyang'anywa jina jema kuliuma zaidi.

Asubuhi, baba alipokuwa akifunga turubai, Oktavia alikimbia kwa Fundi Nahumu, mzee mfupi ambaye mikono yake haikutakata hata siku ya ibada.

"Shikamoo, Fundi. Lori la baba lina ugonjwa gani?"

"Marahaba. Halina ugonjwa, mjukuu wangu. Lina afya kunishinda."

"Je, baba akizima injini kwenye miteremko, petroli haitapona?"

"Thubutu," alisema Nahumu, na uso wake ukabadilika. "Injini ikizimwa mteremkoni, breki zinabaki peke yake, na mimi nimekwisha kuwachimbia kaburi madereva wawili wajanja wa namna hiyo. Sikiliza. Wewe umewahi kuwaona ng'ombe wakivuta plau. Wanatoka jasho wakati gani?"

Oktavia alifikiri. "Wakati wa kuanza kuivuta."

"Basi na lori ni hivyo hivyo. Likishakimbia, halina njaa kubwa. Linakula linapoondoka, hasa likiondokea mlimani na mzigo. Mimi naijua injini, njia siijui. Wewe ndiye unayekaa mle ndani. Hesabu ni mara ngapi linasimama."

Haikuwezekana kuandika ndani ya lori linalorukaruka. Oktavia akajaza maharage kwenye mfuko wa kushoto wa sweta yake. Kila lori liliposimama, alihamisha harage moja kwenda mfuko wa kulia.

Hawakuwa hata wamemaliza maili moja, Mzee Enoki akaonekana kando ya barabara, amesimama na jembe lake, katikati ya kilima. Methusela akasimamisha lori, akavua kofia.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Mmeamkaje? Na mama watoto? Na mbuzi yule aliyeumwa?"

Injini ilinguruma bure muda wote huo, kwa sababu kuizima kulikuwa na maana ya kushuka na kuizungusha tena. Kisha lori likajivuta kwa gia ya kwanza, likitetemeka mpaka magunia yakacheza. Harage la kwanza. Mbele kidogo alikuwa Mama Telesia na kuni zake. Harage la pili. Kisha mwalimu wa dini, kisha wazee wawili waliokuwa wakingojea darajani, kisha mjane mmoja aliyemuuliza Methusela habari za kila mtu aliyewahi kuzaliwa Njombe.

Oktavia alikuwa ameyaona hayo kila juma na hakuwahi kuyaona kuwa ni kitu. Mbena hampiti mzee bila salamu. Ezekia ndiye aliyekuwa akiwapita, akawaachia vumbi, na watu walimchukia kwa hilo. Sasa kila harage lililohama lilimchoma kidole.

Waliporudi Njombe jioni, debe la tatu lilikuwa wazi na mfuko wa kulia ulikuwa umevimba. Oktavia angemwambiaje baba yake kwamba kosa ni adabu yake? Lakini kunyamaza kungemwacha baba aitwe mwizi. Akaketi kando yake, akamimina maharage kwenye kiganja cha baba.

"Naomba radhi, baba, kama nakosea. Leo tumesimama mara hamsini na tatu. Mara tatu ni kwa ajili ya mzigo na maji. Hamsini zilizobaki ni salamu."

Methusela aliyatazama maharage. Aliyatazama sana.

"Kwa hiyo unataka niwapite wazee wangu kama Ezekia?"

"Hapana, baba. Nataka ujue tu petroli inakokwenda. La kufanya utalijua wewe."

Kesho yake, baada ya ibada, Methusela alisimama mbele ya wazee nje ya kanisa, kofia mkononi, akawaeleza yote bila kuficha: debe la tatu, maneno ya watu, na maharage ya binti yake. Ndipo Mzee Enoki akakohoa.

"Mimi nina goti bovu," alisema. "Kila Jumamosi naacha kazi shambani, nashuka mpaka barabarani, nakusubiri. Nilidhani wewe ndiye unayependa kusimama. Nikasema, kijana wa watu nisimvunje moyo."

"Hata mimi," alisema Mama Telesia. "Kuni zangu ningekuwa nimezifikisha nyumbani asubuhi."

Wazee wakacheka mpaka mchungaji akatoka kutazama kuna nini. Wakapatana palepale, wakaahidi kuwaambia wenzao wa njia nzima. Methusela atawapita polepole, kofia ikiwa juu na "kamwene" kupitia dirishani, na wao watajibu wakiwa walipo. Mwenye neno la maana atamsubiri juu ya kilima, si katikati yake, ili lori likiondoka liondokee mteremkoni. Habari za mbuzi zitangoja Jumapili.

Jumamosi iliyofuata, kofia ya Methusela ilipanda na kushuka njia nzima. Mzee Enoki aliinua jembe lake akiwa huko huko shambani. Lori lilisimama mara saba tu. Waliporudi, Kornelio na Nahumu walikuwa wakingoja ghalani. Nahumu alitumbukiza kijiti cha mwanzi ndani ya tangi, akakitoa, akakipima kwa mkono.

"Vidole vitatu vimebaki," alisema. "Na debe la tatu halijaguswa."

Kornelio alilitikisa debe lile, likasikika limejaa. Akavua kofia yake mwenyewe.

"Bwana Methusela, nilisikiliza maneno kabla sijapima. Nisamehe."

"Yamekwisha," alisema Methusela. Kisha akaweka mkono juu ya kichwa cha Oktavia. "Mimi nami nilikuwa sijapima. Niligonga magurudumu, nikasafisha chujio, nikadhani nimeangalia kila kitu. Sikujiangalia mwenyewe. Mwanangu, jambo jema likifanywa mahali pasipofaa huleta hasara kama baya. Na anayekupenda ndiye atakayekuambia, akikuambia kwa heshima kama ulivyoniambia wewe."

Jumatatu asubuhi Methusela alilipeleka lori kwa Nahumu kubadilishwa mafuta ya injini, akampakia Oktavia mpaka shuleni. Mbele ya ofisi ya chama, Kornelio alikuwa amesimama kando ya barabara. Alipoliona lori, aliinua kofia juu kabisa.

"Kamwene," aliita.

"Kamwene," alijibu Methusela kupitia dirishani, na lori likapita bila kusimama.