Melini, Mume Wangu Aliniita Dada Yake

Nina umri wa miaka thelathini na sita na mtoto mmoja wa kike. Nilizaliwa Mikinduri, Meru, lakini niliolewa huku Embu, na saluni yangu iko hapa Manyatta. Wateja wangu husema mimi ni mwanamke wa vicheko. Ni kweli, kazi ya kusuka inataka mdomo! Ila wasomaji wenzangu, sijui kama kuna mmoja kati yenu aliyewahi kucheka mchana kutwa huku moyo unavuja damu...

Mume wangu anaitwa Nyaga. Tulipendana, hilo sitalikana hata leo. Tulipojaliwa binti tulimpa jina la mamake Nyaga, kama ilivyo desturi yetu kwa mtoto wa kike wa kwanza. Akaitwa Wawira.

Kwetu, jina hilo si la kumwitia mtoto chakula tu. Mtoto aliyebeba jina la nyanya yake huheshimiwa kama nyanya mwenyewe. Nyaga alimwita binti yake "mama". Naye Wawira, tangu alipojua kusema, hakumwita "baba" hata siku moja akiwa mbele yake. Alimwita "Nyaga", vile alivyomsikia nyanya yake akimwita, tena kwa sauti ya kuamrisha! Wageni walishangaa. Sisi tulikuwa tunacheka mpaka tunashika mbavu.

Kulikuwa na jambo lingine. Nyaga hakuwa anaondoka nyumbani kwenda safari kabla ya kuinama mbele ya mamake na kukunjua viganja vyake viwili, ili mama ateme mate kidogo ya baraka juu yake. Wazee wetu hubariki hivyo. Wawira alipomwona nyanya akifanya hivyo, naye akataka. Basi Nyaga akawa anainama mara mbili, kwanza kwa mama mkubwa, halafu kwa mama mdogo.

Mtoto alikuwa na miaka minne babake alipopata kazi Uarabuni. Ilikuwa kampuni ya burudani yenye bustani kubwa ya michezo na meli ya kitalii. Mgeni anacheza bustanini siku chache, kisha anapandishwa melini kumalizia likizo yake baharini. Nyaga alisema ataajiriwa kusimamia wageni. Asubuhi ya kuondoka, Wawira alimbariki kwa mate mengi mpaka yakalowesha mkono wa koti jipya! Tulimsindikiza tukicheka na kulia kwa pamoja.

Mwanzoni alipiga simu kila jioni. Baadaye ikawa Jumapili baada ya kanisa. Baadaye ikawa sikukuu... Kila nilipomuuliza atakuja lini, jibu lilikuwa lilelile, kwamba amenyimwa likizo. Miaka mitano ikapita hivyo. Je, ningefanya nini? Nilimwamini. Mtoto naye alikuwa akiniuliza kila wiki kama babake amesahau njia ya kwetu.

Nina kaka mkubwa anayeitwa Mwenda. Anafanya biashara ya miraa huko Maua, na akipata pesa haziwezi kulala. Mwaka jana mambo yalimnyookea, akawaahidi wanawe likizo ya ng'ambo. Alipogundua kwamba pesa zake zinatosha kuwapeleka kwenye bustani na meli ya kampuni ya Nyaga, alikuja mbio hadi saluni.

"Karimi, wacha kukaa hapa ukizeeka," akaniambia mbele ya wateja. "Wewe na Wawira mnakuja na sisi. Na usimwambie huyo bwana yako. Tunampiga sapraizi!"

Wateja wakapiga makofi. Nami mjinga nikapiga makofi pia!

Mama mkwe alituma chupa ya asali safi ya Mbeere, akaniagiza nimpe mwanawe mkononi. Wawira alishonewa gauni la manjano. Usiku wa mwisho alinambia kwamba akimwona Nyaga hatalia, atamgombeza kwanza kwa kuchelewa, ndipo amkumbatie.

Wasomaji, bustani ile sikuwahi kuona kitu kama hicho. Bembea za kupaa angani, taa mchana, watoto wa kila taifa. Kilichowavutia watoto zaidi ni wale wanyama wakubwa, watu waliovaa mavazi ya manyoya na vichwa vikubwa, wanaotembea wakipunga mikono. Watoto hupanga foleni kuwakumbatia na kupigwa picha. Hawasemi neno, ni sheria ya kazi yao. Kila mnyama huongozwa na mhudumu kwa sababu aliye ndani haoni vizuri.

Nilikuwa nimewauliza wafanyakazi kadhaa kuhusu Nyaga, wakatikisa kichwa tu. Nikaona acha mtoto afurahi kwanza. Wawira akachagua foleni ya Ngamia, ngamia mrefu mwenye kofia ya nahodha. Zamu yake ilipofika, Ngamia alinyoosha mikono kama alivyowafanyia wengine. Kisha akasimama ghafla.

Akainama. Akainama chini kabisa mpaka kile kichwa kikubwa kikakaribia kuanguka, akakunjua viganja vyake viwili mbele ya mtoto wangu...

Wawira hakusita hata kidogo. Alitema mate kidogo juu ya zile glavu nyeupe, kwa adabu, kama nyanya yake. Ngamia akamkumbatia. Akamshika kwa muda mrefu, mabega yakitetemeka, hadi wazazi wa nyuma wakaanza kunung'unika na mhudumu, msichana mrembo aliyejifunga kilemba, akamgusa begani.

"Mama, ni baba," Wawira aliniambia alipotoka. Hakuruka, hakupiga kelele. Alikuwa anang'aa tu. Ngamia alininyooshea mkono kidogo, kama mtu anayesema nisubiri. Nikasubiri. Nilikaa kwenye uzio mpaka bustani ikafungwa. Hakuja. Simu yake haikuwa inapatikana.

Je, mwanamke mwenye akili hangejua hapo? Lakini mimi nilimtetea! Nilimwambia Mwenda kwamba labda sheria za kazi ni kali, labda anaona haya kwamba alituambia anasimamia wageni kumbe anavaa ngozi ya ngamia. Haya ya nini? Ningempenda hata angevaa ngozi ya fisi, mradi ni jasho lake la halali.

Tukapanda meli. Tuliambiwa wanyama nao wamepanda. Wawira aliamka mapema, akavaa gauni la manjano, akawa wa kwanza kwenye foleni. Ngamia akaja akicheza kiuno. Mtoto akasimama mbele yake akingoja ainame. Ngamia akampungia mkono tu, akampiga kofi la mchezo kichwani, akageukia mtoto mwingine.

"Huyu si yeye," Wawira akaninong'oneza. "Huyu ni mfupi."

Ilikuwa kweli. Nyaga alikuwa amebadilishana vazi na mwenzake ili asikutane nasi. Hata hivyo mtoto alirudi kwenye foleni ile kila Ngamia alipotokea, asubuhi na jioni, akidhani labda safari hii ndiye. Binamu zake walianza kumcheka. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na ile chupa ya asali kwenye mkoba, machozi yananilengalenga. Ni mateso gani haya ya kumtazama mtoto wako akimpangia babake foleni?

Siku moja kabla ya kurudi nchi kavu, tulikuwa tunatoka kula chakula cha mchana, mlango wa wafanyakazi ukafunguka. Akatoka Nyaga! Nyaga mwenyewe, bila manyoya, amenenepa kidogo. Kando yake alikuwa yule mhudumu wa kilemba. Wawira ndiye aliyemwona kwanza.

"Nyaga!" akaita kwa ile sauti ya kuamrisha, akamkimbilia.

Nyaga aligeuka rangi. Yule msichana akacheka kwa mshangao, akamuuliza, "Mume wangu, hawa ni kina nani wanaokuita jina lako hivi?"

Wasomaji wangu, mtoto wangu angeita "baba", leo ningekuwa nawasimulia mambo mengine. Lakini aliita alivyofundishwa na mapenzi ya nyumbani kwetu, na katika hilo Nyaga akaona mlango wa kutorokea. Alinitazama. Nilimwona akifikiri.

"Ni dada yangu, Karimi," akasema. "Na huyu ni mtoto wake. Wametoka nyumbani."

Kisha akaniambia kwa Kiembu, akitabasamu kana kwamba ananisalimia, "Nyamaza kwanza. Nitakueleza. Nakuomba."

Kabla sijapata hata pumzi, yule msichana alikuwa amenikumbatia. "Wifi! Jamani, wifi yangu! Mimi ndiye Zuhura, wa Tanga. Mbona kaka yako hakuniambia mnakuja? Ona aibu hii, sikuwapokea!" Alikuwa analia kwa furaha. Akauchukua mkono wangu akauweka tumboni mwake, na hapo ndipo nilipohisi ule ujauzito uliokuwa umefichwa na sare pana ya kazi.

"Akiwa wa kike ni Wawira," akaniambia. "Nyaga amesema ni lazima tumpe jina la mama mkwe. Nimelipenda hilo jina, wifi."

Alikuwa binti mwema. Hilo ndilo lililonifunga mdomo zaidi. Angekuwa na kiburi ningemrukia pale pale! Lakini ungemrukia vipi mtu anayekufuta machozi akidhani unalia kwa furaha kama yeye?

Akamwinamia mtoto wangu. "Na wewe mrembo, jina lako nani?"

Wawira alimtazama babake. Alimtazama sana. Nyaga akaangalia sakafu. Mtoto wangu wa miaka tisa akajibu taratibu, "Naitwa Faith."

Ni jina lake la ubatizo, halitumiki hata shuleni. Nyaga alilisikia. Nami nikatoa ile asali ya Mbeere kwenye mkoba nikampa Zuhura, kwa sababu mikono yangu ilitaka kitu cha kufanya, nikasema mama ameituma. Akapiga vigelegele.

Nyaga aliahidi kwa Kiembu kwamba atakuja jioni kunieleza kila kitu. Hakuja jioni. Hakuja kabisa. Mwenda alikuwa amelala chumbani akitapika kwa mawimbi tangu tupande meli, na aliposikia alitaka kuinuka akamtafute amvunje mifupa. Nilimshika nikamsihi aache, yule msichana ana mimba na hana kosa. Tulirudi nyumbani hivyo hivyo. Katika ndege Wawira alijifunika blanketi mpaka kichwani na hakutaka chakula.

Mama mkwe alitupokea jikoni akichambua maharagwe. Sikuweza kumficha. Nilimwambia yote, mpaka lile la dada. Aliendelea kuchambua, kisha akaniuliza kama mwanawe alionja ile asali. Nikamwambia sijui. Ndipo alipolia... Nilikuwa sijawahi kumwona mama yule akilia, hata siku tulipomzika baba mkwe.

Tangu hapo Wawira hataki kuitwa Wawira. Nikimwita hivyo haitiki. Mwalimu wake aliniita kuniuliza kwa nini ameandika Faith kwenye madaftari yote. Nyanya yake naye hamlazimishi, ila kila anapomwita kwa hilo jina jipya ulimi unamkwama, maana ni kama anajifuta mwenyewe.

Mwezi uliopita simu yangu ililia nikiwa namsuka mteja, mikono imejaa mafuta. Faith ndiye aliyepokea na kuweka sauti ya nje. Alikuwa Nyaga. Alisema amepata mtoto wa kike. Alisema amekosa, hapati usingizi, anataka kuzungumza na mama yake mdogo. Alimwita hivyo, "mama", kama zamani.

Mtoto wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajibu kwa heshima zote, "Hujambo, anko. Hongera kwa mtoto. Mama yuko na kazi, nimwambie umesema nini?"

Upande wa pili nikasikia mwanamume mzima akilia kwa kwikwi. Faith alingoja kidogo, akaniwekea simu mezani, akaendelea kunipangia nywele za bandia kwa urefu. Mteja wangu aligeuza uso ukutani. Mimi sikuichukua ile simu mpaka ikakatika yenyewe.

Sijui Zuhura ameambiwa nini. Namhurumia. Nimewaza kumtafuta nimweleze, naye ananyonyesha... nishaurini, ninyi mngefanyaje?

Ninachowaomba ni hiki. Dada zangu mlio na waume ng'ambo, simu zikipungua ulizeni, tena ulizeni kwa ukali, mkiwa watu wazima peke yenu. Msimbebe mtoto mkaenda kumshtukiza mtu ambaye hamjui tena anaishi vipi. Na ukikuta umekanwa, usinyamaze hata ukiombwa kwa lugha ya nyumbani! Mimi nilinyamaza dakika moja tu kwa sababu ya upole wa mgeni, na dakika hiyo mtoto wangu alielewa kwamba hata mimi nimekubali.

Na ninyi akina baba, mkitaka kutuacha tuacheni sisi wake zenu. Tutalia, tutaamka, tutafungua saluni asubuhi. Lakini mtoto msimwite mpwa. Atakubali.