Gari Lililotema Grisi

Kila Jumamosi Nice hufua sare zake za shule, huzianika, kisha humfuata mama yake gereji, mtaa wa Gerezani. Mama yake, Candida, ni fundi wa magari aliyesomea chuoni, na hapendi maneno mengi. Nice ana miaka kumi na miwili. Kazi yake ni kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kutumwa vifaa.

Jumamosi hiyo walikuwa na gari la Bi Kuruthumu, mjane wa Kariakoo. Giaboksi ya otomatiki ya gari la marehemu mumewe, Sadalla, ilikuwa imekufa, naye aliomba afungiwe ya klachi. Giaboksi ya zamani ilishuka vizuri. Kilichogoma ni bushi, pete ndogo ya chuma iliyokaza ndani ya tundu nyuma ya injini. Isipotoka, giaboksi mpya haiingii.

"Tutalijaza grisi tundu la hiyo pete, tupigilie humo chuma kinacholibana," Mama alisema. "Grisi ikikosa pa kupita, itaisukuma bushi nje."

Alichonga kijiti kikalienea tundu la pete barabara, akampa Nice. "Mpelekee mkereza vyuma. Akereze chuma cha unene huu huu. Usiondoke mpaka apime." Kisha akaenda madukani kutafuta klachi.

Kwa mkereza palikuwa na foleni. Uchochoroni, rafiki zake Nice walikuwa wakicheza rede. Aliitazama foleni, akautazama mpira. Akaokota chuma kwenye rundo la mabaki nje ya mlango, akakilinganisha na kijiti kwa jicho tu, akaona vinakaribiana. Akaenda kucheza.

"Amepima?" aliuliza Bushiri, msaidizi wa Mama, akiwa chini ya gari, Nice aliporudi na chuma.

"Amepima, anko."

Bushiri akajaza grisi, akaingiza chuma, akapiga nyundo. Ngo. Grisi ikamrukia usoni. Akafuta, akajaza tena, akapiga. Ngo, ngo. Ikamrukia mdomoni. Bushi haikusogea hata unywele.

Alitoka chini ya gari mweusi kama sufuria ya mama ntilie. Mafundi wa jirani wakacheka. Yeye hakucheka.

"Linanitemea hili. Marehemu mwenye gari hataki. Sikilizeni linavyolia, kama mtu anapiga hodi kutoka ndani."

Hakujua kwamba Bi Kuruthumu alikuwa amesimama nyuma yake.

Mjane huyo alifungua mlango wa gari, akakaa kwenye kiti cha dereva, akashika usukani. Kwenye kioo bado ilining'inia tasbihi ya mumewe.

"Sadalla hakupenda mtu aguse gari lake," alisema. "Hata mimi. Nilijua atakasirika. Acha, Bushiri. Nitaliuza hivyo hivyo." Akamgeukia Nice. "Mwanangu, wewe ulikuwepo. Umeona nini?"

Kijiti kilikuwa mfukoni mwa Nice, kinamchoma paja.

"Sijaona kitu, mama."

Bi Kuruthumu akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa hukumu, akaondoka akitembea karibu na ukuta.

Bushiri aliacha kugonga, lakini hodi haikuisha. Gerezani nzima ni nyundo, na kila nyundo sasa ilimwita Nice. Alisugua vyuma, akasikia ngo, ngo. Hakuthubutu kutazama kiti cha dereva, kilichokuwa bado kimebonyea pale mjane alipokaa. Alijua vizuri kwamba ndani ya gari hamna mtu. Hata hivyo aliogopa.

Mama aliporudi na klachi, Bushiri alimpokea mlangoni. "Dada Candida, gari hili lisomewe dua kwanza."

"Mama, sikupima," Nice alisema. "Chuma nilikiokota. Hakibani. Grisi inapita pembeni."

Mama alimtazama. "Bi Kuruthumu yuko wapi?"

"Kwake. Anadhani mumewe amemkasirikia."

"Basi utaenda kwake kwanza. Gari baadaye."

"Naogopa, mama."

"Najua. Vaa viatu."

Bi Kuruthumu alifungua mlango macho mekundu. Nice alimwamkia, akaeleza yote bila kujitetea.

"Nimeshinda nikimwomba radhi marehemu," mjane alisema. Nice akalia, na hakuna aliyembembeleza. Kisha Bi Kuruthumu akajitanda mtandio. "Twende nikaone."

Safari hii Nice alipanga foleni mpaka mkereza akapima. Bushiri akajaza grisi, akapiga, akapiga tena. Bushi ikachomoza, ikadondoka kiganjani mwake.

"Kumbe jini lenyewe ni nafasi ya unene wa ukucha," alisema.

"Na wewe," Mama akamjibu, "chuma kikicheza tunduni unakisikia mkononi. Badala ya kukipima, ukamsingizia marehemu."

Bi Kuruthumu aliigeuzageuza bushi. "Kwa hiyo hakuwa yeye."

"Hakuwa yeye, dada," Mama alisema.

Bi Kuruthumu alipoondoka, Mama alimwita Nice.

"Chuma kikiharibika tunanunua kingine. Uongo wako ulimwingia mtu aliyefiwa. Ukikosea, sema papo hapo, kabla watu hawajatafuta wa kumlaumu. Leo wamemlaumu marehemu, naye hawezi kujitetea."