Wimbo wa Pikipiki Nyekundu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi ya Alice ilikuwa kumshika ndama. Mama yake, Gladwell, alipokuwa akikamua, ndama alitaka kunyonya, na Alice alimkumbatia shingoni akimvuta nyuma mpaka mikono ikamuuma. Ndoo ikishajaa povu, Mama aliingia nayo jikoni, akayachuja maziwa kwenye mtungi wa bati na kufunga mfuniko. Alice aliubeba mtungi huo hadi langoni, akangoja pikipiki nyekundu ya Baba Kagure.

Jina lake hasa lilikuwa Ndambiri. Yeye ndiye aliyekusanya maziwa ya nyumba zote za upande ule wa Kanja, akiyamimina katika mitungi miwili mikubwa iliyofungwa nyuma ya pikipiki, na kuyapeleka kwenye kituo cha chama cha wafugaji. Hakuwa mtu wa kuongea. Alivuta kofia hadi machoni, akapokea mtungi, akamimina, akaurudisha, akaenda zake. Binti yake, Kagure, alikaa dawati moja na Alice katika Gredi ya Saba, na yeye ndiye aliyeongea kwa niaba ya nyumba yao yote.

Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kikali. Nyasi zilikauka, ng'ombe wakapunguza maziwa. Wakati huo Gatakaa, mtoto wa jirani, msichana wa miaka minne, akaugua. Alipatwa na homa, akaharisha, mwishowe akalazwa hospitalini mjini Embu. Daktari alisema ni taifodi, akauliza mtoto hunywa nini. Mama yake alisema maji ya nyumbani huchemshwa siku zote, ila mtoto alipenda sana maziwa mala ya kibandani, ambayo mwenye kibanda aliyanunua kituoni na kuyagandisha bila kuyachemsha. Kisha akakumbuka kwamba chini ya kikombe aliwahi kuona mchanga.

"Ng'ombe hatoi mchanga," aliwaambia wanawake waliokwenda kumtazama mtoto. "Kuna mtu anatia maji ya mto."

Alice alikuwepo, amesimama nyuma ya mama yake. Alikuwa amemwona Gatakaa kitandani, mkono mdogo umefungwa mrija wa dawa, macho yanamtazama kama mgeni. Huyo ndiye mtoto ambaye Alice alimfundisha kuruka kamba. Njia nzima ya kurudi nyumbani Alice alikuwa akitafuta mtu wa kumkasirikia.

Akampata upesi. Siku chache baadaye alikuwa juu ya bonde akikata majani ya ng'ombe, akaona pikipiki nyekundu imesimama kando ya mto. Baba Kagure alikuwa ameinama majini. Mitungi yote miwili ilikuwa ndani ya mto, na mkono wake ulikuwa juu ya mfuniko. Alice hakuteremka. Hakuita. Alifunga mzigo wake wa majani, akarudi nyumbani mistari ya wimbo ikimpanda kichwani.

Maana Alice alijua kufoka, kuimba kwa maneno ya haraka yenye vina. Wakati wa mapumziko wenzake walimpigia makofi na meza, naye angeweza kuunga mistari kuhusu chochote, hata uji wa shule. Binamu yake, Munyi, alikuwa amekodi chumba mjini Embu, akaweka kompyuta, akaning'iniza maikrofoni kwenye msumari na kusimamisha godoro ukutani kuzuia kelele. Chumba hicho alikiita studio. Jumamosi Alice alimwambia Mama anakwenda kumwona Gatakaa. Alimwona kweli, lakini kutoka hapo akaenda kwa Munyi.

Munyi alisikiliza, akatikisa kichwa. Alimwambia wimbo una hasira lakini hauna uso. Watu wakisikia habari za maji na maziwa tu watapiga miayo. Alitaka kujua ni nani anayetia hayo maji. Alice alisita, kisha akamweleza juu ya pikipiki na mto.

"Una hakika?" Munyi aliuliza, huku tayari anatafuta mdundo kwenye kompyuta.

"Nilimwona kwa macho yangu."

"Basi usitaje jina. Taja pikipiki. Jina watalijaza wenyewe."

Chumba cha pili kulikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma. Alipoanza kupiga nyundo walingoja, alipopumzika walirekodi. Kila Alice alipochoka, alikumbuka mkono wa Gatakaa na sauti ikarudi na ukali wake. Kiitikio kilikwenda hivi:

Pikipiki nyekundu, mtoni wafanya nini?
Maziwa yana mchanga, mtoto yuko wodini.
Pikipiki nyekundu, kofia hadi machoni,
Unatuuzia mto, tunaunywa vikombeni.

Munyi aliuweka wimbo mtandaoni, nao ukakimbia kuliko walivyofikiri. Vijana wa boda boda pale sokoni waliupiga kwa spika kubwa tangu asubuhi. Redio moja ikaucheza. Kanisani mzee mmoja alisimama akasema mtoto anayewatukana wakubwa hadharani amekosa mafunzo ya nyumbani. Mama mmoja akamjibu kwamba afadhali mtoto anayesema kuliko wakubwa wanaonyamaza. Mwalimu mkuu alimwita Alice ofisini, akamuonya vikali, lakini akitoka tu, watoto wa darasa la chini walikuwa wakiuimba dirishani. Mjini Embu wenye hoteli walianza kuuliza maziwa yametoka wapi, na wakisikia Kanja, walikataa.

Hapo watu wakapandwa na hasira kweli. Vijana walimsimamisha Baba Kagure barabarani, wakamwaga mitungi yote miwili mtaroni, huku spika inaimba. Chama kilimwambia akae nyumbani mpaka mambo yachunguzwe. Alice alipopata habari hizo hakumwonea huruma. Alijiona ameshinda.

Siku hiyo hiyo wanafunzi walimfuata Kagure kutoka langoni hadi darasani wakimwimbia. Kagure hakulia. Alihamisha vitabu vyake hadi dawati la nyuma, na kengele ya mapumziko ilipolia akaja kusimama mbele ya Alice.

"Ulimwona akimimina maji?"

"Nilimwona mtoni."

"Sijauliza mtoni. Hata wewe unaenda mtoni. Nimeuliza, ulimwona akimimina?"

Alice alimjibu kwamba mtu mwenye mitungi ya maziwa hana kazi nyingine mtoni. Kagure alicheka kicheko kibaya. Akamwambia kwamba jua likiwaka na kituo kikichelewa kufunguliwa, baba yake huisimamisha mitungi ndani ya maji baridi, mifuniko imefungwa, ili maziwa yasiharibike. Kila mtu anayeishi kando ya mto analijua hilo.

"Lakini wewe huulizi," alisema. "Wewe unaimba."

Kesho yake Kagure hakuja shule. Wala siku iliyofuata. Alice alijiambia kwamba mtoto lazima amtetee baba yake.

Sasa kwa kuwa hakukuwa na pikipiki, kila nyumba ilipeleka maziwa yake kituoni. Mama alitaka kwenda mwenyewe, lakini Alice alikuwa ameshaushika mtungi. Akaubeba mlima wote bila kuuweka chini, maana alitaka watu waone maziwa safi yanavyofika yasipopitia mikono ya mwizi.

Mpimaji wa kituo alikuwa dada mmoja aitwaye Sheila. Zamani alipima maziwa yakiwa yamechanganywa katika mitungi mikubwa, na yakionekana mepesi hakuna aliyejua ni ya nani. Leo alipima ya kila nyumba. Aliyamimina kidogo katika chombo kirefu, akaingiza kipimo cha kioo. Maziwa mazuri hukiinua kipimo. Yenye maji hukiacha kizame.

Kipimo kilizama. Sheila alikitoa, akakipangusa, akapima tena. Kikazama.

"Haya yana maji," alisema.

"Haiwezekani, dada. Nimeyabeba mwenyewe kutoka nyumbani."

"Ndiyo maana nakwambia maji ni ya nyumbani."

Kwenye foleni mtu alianza kucheka. Ni Mzee Runji, jirani yao wa juu, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote.

"Mwimbaji," aliita, "pikipiki yako umeiegesha wapi leo?"

Watu wakaangua kicheko. Kijana mmoja akaanza kile kiitikio, na wengine wakakidaka. Alice alisimama pale na mtungi wake, masikio yanawaka, akiisikia sauti yake mwenyewe ikirudi kumpiga. Kicheko kilikatika Sheila alipofika kwa Mzee Runji. Kipimo kilizama hata zaidi. Baada yake kilizama kwa mwingine, na mwingine. Mitungi iliyokataliwa ilipangwa ukutani, na waliokuwa wakiimba sasa walikuwa wakigombana na Sheila kwamba kioo chake kimeharibika.

Alice alimkuta Mama akifagia uwanja. Aliuweka mtungi miguuni pake, bado umejaa.

Kwanza Mama alikana. Kisha alisema labda ni umande wa kwenye majani. Mwishowe alitupa ufagio.

"Ng'ombe mmoja amekauka, huyu mwingine amebaki mifupa. Ulitaka niujaze mtungi kwa nini? Kwa mate? Nilitia bakuli moja tu. Kila nyumba inatia."

"Kila nyumba ilitia bakuli moja, Mama. Na Gatakaa akayanywa yote."

Mama alinyanyua mkono kama anayetaka kumpiga, kisha akaushusha. Alikaa juu ya jiwe la kufulia. Alimkataza Alice kulisema jambo hilo popote, kwani Kanja nzima ingemtafuna.

"Baba Kagure wanamtafuna tayari," Alice alisema. "Na ni mimi niliyewapa."

Akampigia Munyi simu, akamtaka autoe wimbo. Munyi alikataa. Alisema wimbo ndio kwanza umepamba moto, na kwamba watu hawasikilizi samahani. Alice alimjibu kwamba ile ni sauti yake, na kama Munyi hatautoa, ataimba mwingine kumhusu yeye na lile swali la kama ana hakika, aliloliuliza huku tayari anatafuta mdundo. Kufika jioni wimbo ulikuwa umetolewa. Lakini tayari ulikuwa kwenye simu za watu wote, na huko hakuna aliyeweza kuufuta.

Alice akaenda nyumbani kwa Baba Kagure. Alimkuta anaziba gurudumu lililokatwa na vijana. Kagure alikuwa mlangoni, akamtazama, akaingia ndani. Alice alieleza yote: bonde, studio, kipimo, maziwa ya kwao. Akaomba msamaha. Ndambiri aliendelea kuziba gurudumu mpaka Alice alipomaliza.

"Umenichafua kwa spika," alisema, "unakuja kunisafisha kwa kunong'ona? Alhamisi chama kina mkutano. Useme pale."

Alhamisi uwanja wa kituo ulijaa. Gladwell alikuja pia na kukaa mbali na binti yake. Alice aliitwa mbele. Wengine walimwambia aimbe, wakicheka. Hakuimba. Alisema aliona mtu mtoni na hakumwona akimimina kitu. Alisema aliukasirikia ugonjwa wa mtoto akamtwika lawama mtu ambaye hakumuuliza hata neno moja. Kisha akasema kwamba maziwa aliyoyabeba mwenyewe, bila pikipiki, yalikuwa na maji, na maji hayo yalitiwa—

"Yalitiwa na mimi," sauti ilisema kutoka nyuma.

Gladwell alikuwa amesimama. Kitambaa kilikuwa kimemteleza kichwani na hakukirekebisha. Alisema mtoto wake hatambebea mzigo huo. Alitia maji ya mto, bila kuyachemsha, na hawezi kumtazama mama wa Gatakaa machoni. Mama wa Gatakaa alikuwa pale. Alisimama, akamtazama Gladwell kwa muda mrefu, akatoka nje ya uwanja. Hakuna aliyethubutu kumfuata.

Baada ya hapo wengine walisimama, mmoja mmoja. Mzee Runji alikuwa wa mwisho, na alisimama tu kwa sababu Sheila alikuwa akimkazia macho.

Mkutano uliamua Ndambiri arudi kazini, na apewe kipimo apime kwenye kila lango. Nyumba itakayokutwa na maji kwenye maziwa itasimamishwa. Mwenye kibanda naye aliambiwa achemshe maziwa kabla ya kuyagandisha. Jumamosi Alice alirekodi wimbo mpya kwa Munyi, akataja nyumba ya kwao na hakutaja ya mtu mwingine. Haukusikilizwa na watu wengi kama ule wa kwanza. Gatakaa alitoka hospitalini, amekonda, lakini anatembea. Kagure alirudi shuleni, akabaki dawati la nyuma.

Asubuhi ya Jumatatu Ndambiri alisimamisha pikipiki langoni kwa kina Alice. Akapima. Kipimo kikaelea vizuri. Ingawa uso wake haukulegea, safari hii hakuondoka haraka.

"Sikukasirikii kwa kukasirika," alisema. "Mtoto anaugua kwa tamaa ya watu wazima, mtu mwenye moyo atakaaje kimya? Lakini ile siku ulikuwa juu ya bonde, na kuna njia ya kuteremka. Ungeteremka ukaniuliza, ningekuonyesha mitungi, na pengine tungemtafuta pamoja huyo anayetia maji. Hasira inataka mtu upesi, Alice. Ukweli unataka uende mpaka pale alipo, umtazame, umuulize. Kipaji unacho. Kabla hujamwimba mtu mbele ya wote, mwambie kwanza mbele yake."

"Nimesikia, Baba Kagure," Alice alijibu.

"Basi nenda ukamwombe na Kagure msamaha, mbele yake. Mimi nimeongea ya kwangu."