Seli Zilizonona Bila Homoni

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikigongagonga gizani. Umeme ulikuwa umekatika Mafubira tangu magharibi, na Nasif, aliyekuwa akichemsha chai kwenye jiko la makaa, hakuwasha hata mshumaa. Ndipo akasikia hodi aliyoijua.

"Karibu, afande," alisema bila kuinuka.

Hilo lilikuwa jina la utani. Alimpa Rehemah siku walipogongana katika soko la Mbale, Rehemah amevaa gomesi ya zambarau, akamwamuru aokote nyanya zake zote. Walicheka, wakapendana, wakawa wachumba, hata wakafanya kazi katika maabara moja ya miche ya migomba. Nasif ndiye aliyepika chakula cha seli zilizokuzwa ndani ya chupa.

Siku moja seli zilizonyimwa homoni ya kuzikuza zilikutwa zimenona. Rehemah akasema mbele ya wote, "Nasif amezitilia homoni kwa uzembe." Nasif alivua koti jeupe, akarudi kwao Mafubira, Jinja, bila hata kupitia vitu vyake kwa Rehemah. Simu za Rehemah hakupokea tena.

Sasa Rehemah alisimama mlangoni, macho sakafuni, binti yake Twaibah ameng'ang'ania leso yake.

"Nimepika chakula cha seli mwenyewe, bila homoni. Zikanona vilevile."

"Ehe."

"Nikatia dawa ya kuzuia seli zisitengeneze homoni, zikasimama. Nilizozitilia dawa pamoja na homoni, zikaendelea kukua. Nasif, zile seli zilikuwa zimezoea kujitengenezea homoni zenyewe. Hukukosea."

"Siku ile nilikuambia nini?"

"Kwamba nipime kwanza."

"Ukanijibu?"

"Kwamba mpika uji wa chupa asinifundishe kazi."

"Nilidhani umesahau."

"Jana nimewaambia wote, mbele ya chupa zilezile. Nimeona haya mpaka nikashindwa kula."

"Wewe, mpenzi, ushindwe kula? Hapo sasa unanidanganya."

Kicheko kilimtoka Rehemah, kikakatika njiani. "Sikuja kukuomba urudi. Sistahili."

Nasif aliipuliza chai yake, ingawa ilikuwa bado jikoni ndani ya sufuria. Mkono wake ulikuwa hauna kikombe. Alipotambua hilo, akauficha mgongoni.

"Labda hata nafasi yangu kule maabarani Nabuyonga imeshapata mtu," alisema polepole.

Rehemah alianza kuikunjakunja ncha ya leso yake.

Twaibah alikuwa akiitazama miguu mitupu ya Nasif kando ya makaa.

"Viatu vyako bado viko mlangoni kwetu," alisema.