Kidoa cha Begani kwa Rqia

Kilimuwasha saa nne asubuhi, akiwa anamsugua mteja mgongo, hamamu, bafu la umma, imejaa wanawake na mvuke. Kidoa cheusi cha begani, alichozaliwa nacho, kwa miaka arobaini na mitatu hakijamsumbua hata siku moja. Akajikuna. Kucha zikarudi na damu.

Rqia alijua kosa lake papo hapo. Jana yake alimwaga ndoo ya maji yanayochemka mferejini bila kusema bismillahi, na hapa Sefrou, Morocco, hata mtoto wa chekechea anajua kuwa majini na watoto wao wanaishi humo.

"Umemuunguza mtoto wao, shoga," akanong'ona Yamna, mtunza nguo wa hamamu. "Sasa wamekukalia begani. Chuma hawakitaki hao. Daktari akitia kisu hapo, watakumaliza."

"Dada, twende hospitali," akasema Ghita, mdogo wake Rqia. "Huyu Yamna kazi yake kutunza nguo."

"Unataka nife?"

Basi kila Alhamisi Rqia na Yamna wakawa wanamwaga maziwa mferejini kuomba radhi. Maziwa mazima, wallahi, nikikumbuka hasira zinanipanda. Kidoa kikanenepa, upande mmoja ukageuka zambarau, na kikaanza kuuma mpaka Rqia akawa analalia ubavu mmoja.

Kisha mfereji ukaanza kulia. Mwanzoni kilikuwa kilio kidogo ambacho ungesema ni maji tu, lakini kila juma kilipanda, kikapita chini ya vigae, kikamfuata Rqia chumba cha joto na chumba cha baridi, pamoja na harufu ya nywele zilizoungua, kikimnyamazia akikaa mbali na kumwanzia upya akipita, mpaka wateja wakawa wanaoga mbiombio na kutoka na povu masikioni.

Mwezi wa saba tangu siku ile wakamwita Bwana Abdeslam, mwalimu wa kuwasomea watu Kurani majini yatoke. Hamamu ikafungwa adhuhuri. Alisoma muda mrefu, kiganja kichwani kwa Rqia. Aliyeanguka ni Yamna. Alidondoka kando ya mfereji, macho meupe, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke mzee sana.

"Mnamlipizia mtoto wenu aliyeungua?" akauliza mwalimu. "Mwachieni huyu mama."

"Mtoto wetu hakuungua," sauti ikajibu taratibu. "Maji tuliyasamehe siku ileile. Cha begani si chetu."

"Mbona basi mnalia?"

"Tunamlilia yeye. Miezi yote hii tunamlilia, naye anatumwagia maziwa."

Ghita alimvika dada yake jalabia juu ya mwili uliolowa, akamshika mkono, wakatoka hivyohivyo, bila hata viatu.

Daktari alikitazama kidoa, akapapasa chini ya kwapa la Rqia, akakuta uvimbe, akapapasa tena. Akauliza kimeanza lini. Ghita ndiye aliyejibu, maana Rqia alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Chini ya sakafu ya hospitali, kwenye mabomba, wale wanaomlilia walikuwa wameshafika, na sasa walikuwa wengi.